Kadi Zisichomwe Kabla Hazijasomwa

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza Kiswahili na kukitumia kusomea mambo ya uraia, leo sikuletei ngeli wala nyakati za vitenzi. Nakuletea ugomvi.

Ugomvi wenyewe unahusu vijikaratasi. Katika maktaba moja ya mji, hapa Uganda, ambayo wanafunzi wangu huitumia, makabati ya kadi yaliyokaa ukumbini kwa miaka mingi yametolewa na kupangwa barazani. Tumeambiwa kwamba katalogi inahamia kwenye intaneti, na kwamba ifikapo mwisho wa muhula huu kadi zote zitachomwa ili nafasi ipatikane. Nilifurahi niliposikia habari hiyo. Kisha nikaenda kuona kazi inavyofanywa, na furaha ikanitoka. Vijana wanne wa kujitolea walikuwa wakinakili kadi kwenye kompyuta kwa kasi ya kusifika. Lakini kila walipokuta kadi ya kitabu cha Kiswahili, cha Luganda au cha Runyankole, waliitia katika boksi la kadibodi lililoandikwa neno moja tu: “Baadaye”. Maboksi yalikuwa matatu, nayo yamejaa. Niliuliza hiyo baadaye ni lini. Hakuna aliyejua. Niliuliza kama maboksi hayo nayo yatachomwa. Nikajibiwa kwamba agizo ni kuondoa kadi zote.

Vijana wale siwalaumu, walitekeleza walichoagizwa. Ninayempinga ni yule anayeamini kwamba kuhamisha katalogi ni kazi ya vidole tu, na kwamba makosa yatasahihishwa mbele ya safari. Msimamo wangu ni huu: kadi isahihishwe kabla haijaingizwa kwenye kompyuta, isahihishwe kitabu kikiwa mkononi, isahihishwe na mtu anayeijua lugha ya kitabu, na isiharibiwe hadi katalogi mpya itakapothibitishwa mbele ya rafu. Anayeruka hatua hizi hahamishi katalogi. Anafuta vitabu.

Huenda hujawahi kuishika kadi ya katalogi, kwa hiyo acha nikueleze. Ni karatasi ngumu yenye upana wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5, yenye tundu katikati ya ukingo wa chini. Kijiti cha chuma hupita katika tundu la kila kadi kutoka mbele ya droo hadi nyuma, ili msomaji asiing'oe kadi wala kuivuruga. Kitabu kimoja huwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na moja au zaidi za mada. Pembeni kushoto huandikwa namba inayokupeleka rafuni. Mbali na droo hizo za wasomaji, mkutubi hutunza ofisini droo nyingine ambazo kadi zake zimefuata mpangilio ule ule wa vitabu rafuni. Hiyo ndiyo orodha ya rafu. Humo utakuta namba ya usajili ya kila nakala, na mara nyingi maneno mafupi ya kalamu: nakala ya pili imepotea, kurasa za mwisho zimechanika, juzuu la kwanza pekee ndilo lililopokewa. Maneno hayo mafupi ni kumbukumbu ya watu waliokwisha kustaafu au kufariki, na aghalabu hayapo mahali pengine popote.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maktaba ni mali ya umma, na kadi ndizo daftari lake. Kitabu kikiibwa, kadi hutuambia kwamba kiliwahi kuwapo. Kadi ikipotea ilhali kitabu kipo, kitabu hicho hukaa gizani, kwa maana hakuna atakayekiomba.

Tusidhani kwamba sisi ni wa kwanza kupita njia hii. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuuzia maktaba nyingine kadi zilizochapishwa mwaka 1901, na ikaacha kuongeza kadi katika katalogi yake kuu mwishoni mwa mwaka 1980. Shirika la OCLC la jimbo la Ohio, lililokuwa likichapisha kadi kwa ajili ya maktaba nyingi, lilichapa kadi za mwisho mwezi Oktoba 2015. Mwaka 1994 mwandishi wa Kimarekani, Nicholson Baker, alichapisha katika jarida la The New Yorker makala ndefu ya kulalamikia jinsi maktaba za kwao zilivyoharibu kadi zenye maarifa ambayo hayakuhamia kwenye kompyuta. Sisi tumechelewa, lakini aliyechelewa ana faida moja: makosa ya waliotangulia yako mbele ya macho yake. Kuyarudia makosa hayo leo ni uzembe usio na udhuru.

Sasa tuingie katika kiini cha hoja. Kosa la droo na kosa la kompyuta hayalingani. Tuseme mpiga chapa wa zamani aliandika “Kiswahilli” kwa herufi l mbili. Katika droo, kadi hiyo imekaa hatua chache tu kutoka mahali pake. Kidole chako kikipitia kadi za jirani, utaiona na utacheka. Katika kompyuta, ukiandika “Kiswahili” kwa usahihi, kwa kawaida mashine italeta yale yaliyoandikwa hivyo hivyo na kuyanyamazia mengine. Haina jirani wala kidole. Inakujibu kwamba hakuna kitu, nawe unaondoka ukiamini. Ndiyo maana nasema kwamba kosa lililovumilika kwa miaka hamsini katika karatasi linakuwa ukuta siku linapoingizwa kwenye mashine. Wakati wa kulisahihisha ni sasa, lingali mkononi.

Tazama majina ya waandishi. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, unaweza kumkuta katika maktaba moja chini ya herufi S na katika nyingine chini ya herufi R. Anayeingiza kadi bila kufikiri ataviacha vitabu vyake vimegawanyika makundi mawili, na mwanafunzi atakayepata kundi moja hatajua kwamba kuna la pili. Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando ndiye huyo huyo Penina Mlama. Asiyejua atamfanya kuwa watu wawili. Mshairi wa Mombasa, Muyaka bin Haji, akiingizwa kwa mtindo wa Kizungu wa kutanguliza jina la mwisho bila uangalifu, ataishia katika herufi B, kana kwamba “bin” ni ukoo wake. Wewe unajua kwamba “bin” maana yake ni “mwana wa”. Kompyuta haijui. Kijana asiyesoma Kiswahili naye hajui.

Tazama alama ndogo. Riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999 inaitwa Vuta N'kuvute. Ikiingizwa bila ile alama ya ritifaa, au alama ikiachiwa nafasi baada yake, anayetafuta kwa tahajia sahihi anaweza kuikosa. Nimekufundisha darasani kwamba “ng” na “ng'” ni sauti mbili tofauti: ngoma huchezwa, ng'ombe hukamuliwa. Mashine ya kusoma maandishi kutoka kwenye picha ya kadi iliyochakaa huiona ritifaa kama doa la wino na kuifuta.

Tazama neno “la”. Kanuni za kupanga katalogi husema kwamba viambishi vya utambulisho vinavyotangulia jina la kitabu, kama “the” ya Kiingereza au “la” ya Kifaransa, virukwe katika mpangilio wa alfabeti. Katika rekodi ya kompyuta kuna tarakimu maalumu inayoiambia mashine iruke herufi ngapi. Sasa chukulia kitabu ambacho jina lake ni methali inayoanza na “La kuvunda”. Anayedhani hiyo ni “la” ya Kifaransa ataiambia mashine iruke, na kitabu kitapangwa chini ya K. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza anajua kwamba “la” hiyo inatokana na ngeli ya LI-YA: jambo la kuvunda. Kiswahili hakina viambishi vya utambulisho vya namna hiyo, kwa hiyo hakuna cha kuruka. Hapa ujuzi wa sarufi, ambao baadhi yenu huuona mzigo wa mtihani, ndio unaoamua kama kitabu kitaonekana au hakitaonekana.

Tazama pia tahajia ya kale. Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882, iliandika “Suahili”. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha lugha ilihudumia nchi nne: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Naam, Uganda ilikuwamo. Kabla ya usanifishaji huo, na hata miaka kadhaa baada yake, vitabu vilichapishwa kwa tahajia mbalimbali. Jina lililo kwenye kitabu lisibadilishwe, kwa sababu ni ushahidi wa historia. Lakini kando yake iongezwe tahajia ya sasa ili msomaji wa sasa apate pa kuingilia. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyejua kwamba tahajia hizo mbili ni neno moja.

Na lipo jambo ambalo ni baya kuliko hayo yote, ingawa ni la herufi tatu tu. Katika muundo wa rekodi za maktaba unaotumiwa duniani, uitwao MARC, uliobuniwa katika miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Henriette Avram, kila kitabu hupewa alama ya lugha: Kiingereza ni eng, Luganda ni lug, Kiswahili ni swa. Kiolezo cha kujazia rekodi kikiwa kimewekewa eng tangu mwanzo, na mwingizaji akiwa na haraka, kitabu cha Kiswahili kitasajiliwa kuwa cha Kiingereza. Mwishoni mwa mwaka mkuu wa maktaba ataiuliza mashine: tuna vitabu vingapi vya Kiswahili? Mashine itatoa tarakimu ndogo ya kusikitisha. Kisha mtu atasema mkutanoni kwamba Kiswahili hakina vitabu wala wasomaji, kwa hiyo fedha za ununuzi zielekezwe kwingine. Hivyo ndivyo uzembe wa herufi tatu unavyogeuka kuwa sera.

Turudi kwenye mada. Vichwa vya mada katika maktaba zetu vimeandikwa kwa Kiingereza, na hufuata mazoea ya Washington: lugha ya Luganda huitwa “Ganda”, bila kiambishi chake. Mwanafunzi wa Kampala akiandika “Luganda” katika sehemu ya mada hatakuta kitu, isipokuwa pawepo na kielekezi kinachomwambia atazame pale pengine. Katika droo, vielekezi hivyo vilikuwapo: kadi zisizo na kitabu, zenye neno “tazama” tu. Vijana wanaoingiza kadi huzitupa kwa sababu hazina namba ya rafu. Machoni pao ni kadi tupu. Kwa msomaji, ndizo zilizokuwa mlango.

Hata namba yenyewe inahitaji uangalifu. Mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, uliipa lugha ya Kiingereza kikundi kizima cha 420, na lugha nyingi za Afrika ukazibana katika 496. Kiswahili kimewekwa 496.392, na fasihi yake 896.392. Anayezikata tarakimu zinazofuata nukta kwa sababu ni ndefu mno huichanganya Kiswahili na Luganda na Kizulu katika lundo moja. Tumepewa chumba kimoja kwa familia kubwa. Angalau tusiing'oe milango ya ndani.

Nazijua hoja za upande wa pili, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Husemwa kwanza kwamba hakuna muda. Hebu tupige hesabu. Nikikadiria kila boksi kuwa na kadi 1000, na kila kadi kuhitaji dakika tano za kusahihishwa kitabu kikiwa mkononi, maboksi matatu yanahitaji saa 250. Watu wanne wakifanya kazi saa nne kwa siku, hizo ni siku 16. Siku kumi na sita! Maktaba iliyokusanya vitabu kwa zaidi ya nusu karne inaambiwa haina siku kumi na sita. Na kusahihisha baada ya kuingiza ni kazi ndefu zaidi, kwa sababu itabidi kwanza ulitafute kosa ambalo, kama nilivyoeleza, halionekani.

Husemwa pili kwamba hakuna fedha. Programu ya Koha, iliyoanza kutumika huko New Zealand mwaka 2000, na ambayo jina lake katika lugha ya Kimaori lina maana ya zawadi, hutolewa bure. Kinachogharimu ni umeme, kompyuta na watu. Kompyuta zimekwisha kupatikana, na watu wapo. Walimu wa Kiswahili wa wilaya moja wakikubali kutoa Jumamosi zao, gharama itabaki kuwa chai.

Husemwa tatu kwamba kadi hazihitajiki, kwa kuwa rekodi zilizo tayari zinaweza kuchukuliwa kutoka katalogi kubwa za ng'ambo. Hoja hii ina ukweli, na tuutumie. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966, ambayo kazi yake ni kukusanya machapisho ya eneo letu. Rekodi zake ni nzuri, na pengine zinavijua vitabu vyetu kuliko tunavyovijua sisi. Lakini rekodi ya Washington inaeleza nakala ya Washington. Haisemi kwamba nakala yetu imechanika, wala kwamba juzuu la pili halikufika. Aidha, ili uichukue rekodi iliyo sahihi lazima ulinganishe mwaka, toleo na mchapishaji, nayo hayo yameandikwa wapi? Yameandikwa kwenye kadi ile ile unayotaka kuichoma, na kwenye kitabu ambacho hukukifungua.

Husemwa nne, kwa sauti ya chini, kwamba vitabu hivyo vya Kiswahili havina maana, kwa kuwa hapa Uganda Kiswahili ni lugha ya kambini na barabarani. Huu si uchumi tena. Ni dharau. Mwaka 2005 katiba yetu ilirekebishwa na kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Tunawalazimisha watoto kujifunza lugha, kisha tunawafungia vitabu vyake katika boksi. Ni nani kati yenu anayeweza kunieleza mantiki ya jambo hilo?

Nawe huenda unajiuliza ni vitabu gani hasa vilivyomo. Nilipewa ruhusa ya kulipekua boksi moja. Sehemu kubwa ya kadi nilizoziona ni za vijitabu vya East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya kuchapisha vitabu kwa lugha za eneo letu, ambalo pia lilipeleka vitabu kwa wasomaji wa mbali ndani ya masanduku na kwa njia ya posta. Vingi vilitoka kwa jina la Eagle Press. Ni vitabu vya kilimo, afya, hadithi na mashauri ya uraia kwa watu waliokuwa wakiusubiri uhuru. Shirika hilo lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Kijitabu cha namna hiyo kikipotea, hutapata duka la kukinunua. Nilikwenda rafuni na kadi tano mkononi. Nilikuta vitabu vinne. Cha tano, mwandiko wa kalamu kwenye kadi uliniambia kimepelekwa kujalidiwa. Bila mwandiko ule ningesema kimeibwa.

Basi kazi ifanyweje? Kwanza, droo zihesabiwe na kuandikwa namba, na kijiti kisichomolewe mpaka droo iwe mezani. Pili, ianzwe orodha ya rafu, si droo za wasomaji, kwa sababu hiyo ndiyo yenye namba za usajili. Tatu, watu wawili wakae pamoja, mmoja akisoma kadi na mwingine akishika kitabu: jina, mwandishi, toleo, mwaka, mchapishaji, namba. Kinachotofautiana kisahihishwe kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Kitabu kisichoonekana kadi yake itiwe alama na kuwekwa kando, isitupwe. Nne, itengenezwe orodha moja ya majina ya waandishi, kila mwandishi akiwa na namna moja iliyokubaliwa na namna nyingine zikielekeza kwake. Tano, kila kadi iandikwe alama ya lugha kwa herufi zinazosomeka, na kila kitabu cha Kiswahili kiongezewe angalau neno moja la mada kwa Kiswahili, kando ya lile la Kiingereza. Muundo wa MARC unaruhusu jambo hilo. Kilichokosekana ni nia. Sita, kadi ya kila ishirini iliyoingizwa ikaguliwe upya na mtu ambaye hakuiingiza. Saba, kadi zitunzwe mahali pakavu hadi vitabu vyote vihesabiwe kwa kutumia katalogi mpya. Hesabu ikilingana, ndipo tujadili habari ya kuziondoa.

Mimi si adui wa kompyuta, wala siziabudu kadi. Droo haikumfaa mwanafunzi aliye kijijini, umbali wa saa mbili kwa taksi. Katalogi ya intaneti itamfaa, akiwa na simu na kifurushi. Mwanafunzi huyo ndiye ninayemtetea. Aliye ukumbini anaweza kuzunguka rafuni na kukutana na kitabu kwa bahati. Yeye hana isipokuwa kile ambacho mashine itamwambia. Mashine ikimwambia kwamba hakuna, safari yake imekwisha kabla hajapanda gari.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la uraia. Ibara ya 41 ya katiba ya mwaka 1995 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2005 ilipitishwa sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya droo za maktaba. Lakini haki ya kupata taarifa huanzia kwenye kujua kwamba taarifa ipo. Anayeificha orodha hahitaji kuficha kitu kingine chochote. Na anayeiharibu orodha kwa haraka zake, hata kama hana nia mbaya, amewatendea wananchi lile lile ambalo mwenye nia mbaya angewatendea.

Usiniachie mimi peke yangu ugomvi huu. Nenda katika maktaba iliyo karibu nawe, iwe ya shule au ya mji. Kama katalogi imekwisha kuingia kwenye kompyuta, tafuta Shaaban Robert kwa mipangilio yote miwili ya jina lake, kisha tafuta kwa neno “Luganda” na kwa neno “Kiswahili”. Andika ulichokiona, kisha nenda rafuni ulinganishe. Kama kadi bado zipo, uliza zitafanywa nini, lini, na ni nani atakayezisoma zile za Kiswahili. Kisha fanya nilichokufundisha katika insha: andika barua rasmi, yenye anwani mbili, tarehe, mada iliyopigiwa mstari na madai yaliyo wazi, umpelekee mkuu wa maktaba na nakala kwa afisa elimu. Usimtukane mtu. Omba mambo mawili: kadi zisiharibiwe kabla ya hesabu ya vitabu, na wanaojua lugha waitwe kusaidia. Jitolee kuwa mmoja wao. Ukiweza kusoma makala haya hadi hapa, unaweza kuisoma kadi.

Barua yangu nimekwisha kuipeleka, ikiwa na majina ya walimu saba waliokubali kutoa Jumamosi zao. Sijapata jibu. Maboksi matatu bado yako barazani, na mvua huingia hadi pale yalipo. Muhula unakwisha baada ya wiki sita.